Anza na Bahari, Ndipo Ukate Tiketi: Kupanga Likizo ya Mombasa Ukiwa Kwenye Baridi

Mara ya kwanza dada yangu alipowaleta wanawe kutoka Minnesota, walifika mwezi wa Mei. Tiketi za Mei zilikuwa rahisi, na picha za hoteli zilionyesha maji ya samawati yakigusa ngazi za bustani. Walichokikuta ni masika. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, mwani ulirundikana mchangani hadi magotini, na bahari ilikuwa imevurugika rangi ya chai ya maziwa. Wapwa zangu walisimama dirishani wakiitazama. Fedha zile zilikuwa akiba ya miaka miwili. Mimi niliye hapa, ninayejua pepo zinavyokwenda, sikumwambia dada kitu kabla hajalipa, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Wamekuja mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili tulianza na bahari, tiketi ikafuata. Huo ndio mpango ninaouandika hapa. Nataja Minnesota kwa kuwa ndiko walipo wangu, lakini aliye Edmonton au Munich atafuata njia ile ile. Aliye Nyahururu au Molo ataruka habari za pasipoti na kusoma yaliyobaki, maana naye anashuka kutoka kwenye baridi kuja kwenye joto asilolizoea.

Hatua ya kwanza: chagua upepo

Pwani yetu ina misimu miwili mikubwa, na yote ina majina ya pepo. Kaskazi huanza kuvuma kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Machi. Ndio upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Wakati wa kaskazi jua ni kali, mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, bahari hutulia na maji huwa safi kiasi cha kuona samaki bila kuzama. Kusi huingia Aprili na kukaa hadi Septemba au Oktoba. Huu una nguvu, huchafua bahari na kusukuma mwani ufuoni. Masika huja na mwanzo wa kusi, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kupita yote. Vuli ni mvua fupi za Oktoba na Novemba, ambazo pengine hugusa Desemba. Mara nyingi hunyesha kwa saa moja, kisha jua likatoka.

Ukiniuliza mimi, wiki zilizo bora kabisa ni kuanzia katikati ya Januari hadi mwanzoni mwa Machi. Wageni wa mwaka mpya wameondoka, bei za vyumba zimeshuka, bahari imetulia, na huko kwenu ndio wakati baridi imefika kwenye mifupa. Shida ni shule. Mwenye watoto wa shule atabanwa na Desemba, na Desemba Mombasa hujaa: Nairobi nzima inateremka huku, tiketi za treni zinaisha, na hoteli hupandisha bei kati ya Krismasi na mwaka mpya. Kama ni lazima uje Desemba, weka chumba kufikia Julai au Agosti.

Mwezi wa Agosti usiudharau. Upepo upo na mwani upo, lakini mchana ni nyuzi 27 au 28, usiku kuna ubaridi mzuri, na mzee au mtoto mchanga hapati taabu ya joto. Mama mkwe wa dada yangu alikuja Agosti, naye aliifurahia Mombasa kuliko sisi wote. Aprili na Mei sikushauri, hata wakikupa chumba nusu bei.

Hatua ya pili: tazama mwezi wa angani

Jambo hili hoteli haitakwambia, na wageni wengi huligundua wakiwa wameshafika. Bahari ya hapa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya hapo hupita mita 3. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haitoki sana.

Mwenye kalenda ya Kiislamu nyumbani ana jedwali tayari. Tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17, ni bamvu. Karibu na tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24, ni maji mafu. Na hapa Mombasa saa zake hazibadiliki sana: siku za bamvu maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa kama saa nne asubuhi na kupwa kama saa kumi jioni.

Faida yake ni nini? Wiki ya bamvu, asubuhi utatembea kwa miguu mahali ambapo jana jioni uliogelea. Ndio wakati wa kutazama vidimbwi vya mwambani na kupanda boti za kioo kwenda kuona matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1986. Kuogelea kutakungoja hadi saa nane mchana. Wiki ya maji mafu, ogelea asubuhi yote, kisha alasiri nenda mjini. Aliyekuja siku tano tu, tena na watoto wanaotaka maji tangu wanapoamka, namshauri alenge maji mafu. Mwenye wiki mbili atapata yote mawili, hana haja ya kuhesabu.

Picha ile ya maji kugusa ngazi, basi, ilipigwa bamvu saa kumi jioni. Haikuwa ya uongo, ila ilionyesha saa moja tu ya siku.

Hatua ya tatu: chagua ufuo

Mombasa yenyewe ni kisiwa, lakini hoteli za ufuoni haziko kisiwani. Kisiwani kuna bandari, ofisi, Mji wa Kale, Marikiti na Ngome ya Yesu. Fuo ziko bara, kaskazini na kusini, na uchaguzi huu utaamua likizo yako yote.

Kaskazini, ukivuka daraja la Nyali, kuna Nyali, Bamburi na Shanzu. Mji uko karibu, tuktuk na matatu zipo muda wote, na mwenye jamaa Kisauni au Mtwapa atawafikia bila safari ndefu. Mwishoni mwa wiki ufuo wa umma wa Pirates hujaa familia, maboya na viazi karai. Mimi naupenda hivyo. Anayetaka kimya hataupenda.

Kusini kuna Diani, kama kilomita 30 kutoka mjini, baada ya Likoni na Tiwi. Mchanga wake ni mweupe na laini kama unga, na mbega bado wanaruka juu ya miti ya hoteli. Tumbili nao wapo, kwa hivyo mlango wa veranda ufungwe, la sivyo mkate wako una mwenyewe mwingine. Zamani kero ya Diani ilikuwa kivuko cha Likoni, ambapo gari lingeweza kungoja saa nzima na zaidi. Sasa kuna barabara ya Dongo Kundu inayotoka upande wa uwanja wa ndege na kutokea Kwale, upande wa Diani, bila kugusa feri. Mwambie dereva mapema kuwa unataka kupita huko.

Kabla ya kulipa, iulize hoteli maswali matatu kwa maandishi. Maji yakipwa, kuna mahali pa kuogelea mbele yenu au ni mwamba mtupu? Bei hii ni ya chumba tu, ya chakula cha asubuhi na usiku, au ya kila kitu pamoja na vinywaji? Na je, mnayo bei ya mwananchi? La tatu watu wetu wa ughaibuni hulisahau. Hoteli nyingi na hifadhi za wanyama zina bei ya Mkenya na bei ya mgeni, na tofauti ni kubwa. Kitambulisho chako cha Kenya, hata kama kimelala kabatini miaka kumi, kije safarini.

Hatua ya nne: tiketi na karatasi

Kutoka Minneapolis, jiji la Minnesota, hakuna ndege ya moja kwa moja kuja Kenya. Wengi hupitia Amsterdam hadi Nairobi. Wengine huenda New York, ambako Kenya Airways imekuwa ikiruka moja kwa moja hadi Nairobi tangu Oktoba 2018, safari ya saa 14 hivi. Uwanja wa Moi hapa Mombasa nao hupokea ndege za nje, zikiwemo za Ethiopian kutoka Addis Ababa, na anayepata njia hiyo hujiepushia foleni za Nairobi. Hesabu siku nzima njiani, au zaidi.

Ukipitia Nairobi, uhamiaji unafanyika hapo hapo, ndipo upande ndege ya ndani, ambayo ni kama saa moja. Kama tiketi ya Mombasa umeinunua kando, utachukua mizigo yako mwenyewe na kuikabidhi upya. Acha saa nne kati ya ndege na ndege. Wakati wa theluji ningelala Nairobi usiku mmoja, kwa sababu ndege ikichelewa kuondoka huko kwenu, kila kilicho mbele yake kinaanguka. Anayekwenda Diani aangalie pia ndege za kutua Ukunda, lakini ndege hizo ndogo hubana sana uzito wa mizigo.

Treni ya SGR, yaani ile ya reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa, ni njia nzuri kwa aliyeshapumzika Nairobi. Ni safari ya saa tano hadi sita, watoto wanaitazama hifadhi ya wanyama ya Tsavo dirishani, na pengine tembo wako kando ya reli. Nauli zilipanda Januari 2024 hadi shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Inashukia Miritini, nje ya kisiwa, kwa hivyo panga gari la kuwapokea.

Tangu Januari 2024 Kenya haitoi viza kwa utaratibu wa zamani. Mgeni huomba idhini ya safari kwenye mtandao, ambayo wengi wanaiita eTA, kwa dola 30 na ushee. Iombe wiki mbili kabla, na uhakikishe ni tovuti ya serikali, kwa kuwa zipo nyingine zinazotoza mara mbili kwa kazi ile ile. Mwenye pasipoti ya Kenya haihitaji. Katiba ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hivyo kama unayo ya Kenya na ya Marekani, ingia na ya Kenya. Watoto waliozaliwa huko na hawajapata pasipoti ya Kenya waombewe eTA, kila mtoto na yake. Angalia tarehe za pasipoti zote leo, si wiki ya safari: ziwe na miezi sita mbele.

Hatua ya tano: daktari, wiki sita kabla

Hapa naomba unisikilize kama ndugu. Pwani ina malaria. Aliyezaliwa Kisauni akaishi Minnesota miaka kumi na mitano hana tena kinga aliyokuwa nayo, na wanawe hawajawahi kuwa nayo. Maneno ya "mimi ni wa huko, sitaugua" yamewalaza watu hospitalini. Nenda kliniki ya wasafiri, useme unakwenda Mombasa, wakupe dawa ya kinga. Atovaquone na proguanil, zinazouzwa kama Malarone, huanzwa siku moja au mbili kabla ya kufika na kuendelea siku saba baada ya kuondoka. Doxycycline huendelea wiki nne baada ya kuondoka. Klorokwini ya zamani haifai tena huku. Mjamzito na mtoto mdogo wana dawa zao, na hilo ni la daktari kuamua.

Waulize pia kuhusu chanjo ya homa ya manjano kulingana na nchi mtakazopitia, na nunua bima ya safari inayolipia matibabu. Dawa zako za kila siku zisafiri kwenye begi la mkononi, na chupa zake zenye jina lako.

Hatua ya sita: mzigo

Punguza. Nguo za pamba nyepesi, kofia pana, viatu vya mpira vya kuingilia baharini kwa kila mguu unaokuja. Mwambani kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu kama sindano, na mwiba wao ukivunjikia unyayoni huharibu siku tatu. Mafuta ya kukinga jua yanunue huko kwenu, huku ni ghali. Na ngozi nyeusi huungua pia: tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na aliyekaa ndani tangu Oktoba ataungua mabega siku ya kwanza.

Umeme wetu ni volti 240 na soketi ya pini tatu za mraba. Chaja za simu hazina shida ukiwa na adapta, lakini mashine ya kukaushia nywele ya Marekani itaungua.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi na fuo zinazolindwa. Toa mifuko yote sandukuni kabla ya kufunga, hata ule wa duka la uwanja wa ndege. Njoo na chupa yako ya kujazia maji.

Koti zito usiliweke kwenye sanduku kubwa. Livae hadi uwanjani, likunje kwenye begi la mkononi pamoja na soksi na kofia ya sufu. Mkitua Minneapolis Januari saa tano usiku na sanduku limebaki Amsterdam, utaelewa kwa nini.

Siku tatu za kwanza

Saa sita mchana ya Mombasa, wakati wa baridi, ni saa tisa usiku ya Minnesota. Kichwa kitakuwa kizito, na mwili uliotoka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto hili la unyevu. Kwa hivyo siku ya kwanza hakuna Ngome ya Yesu, hakuna boti, hakuna kuzuru jamaa kumi. Ogeni asubuhi mapema, jifungieni kivulini kuanzia saa tano hadi saa tisa, kisha tokeni tena. Kunyweni maji kabla ya kiu, na madafu kila mnapoyaona. Mtoto akitokwa na vipele vya joto shingoni, aogeshwe maji baridi na aachwe kifua wazi. Huisha.

Jamaa nao waambie mapema kwamba mtawazuru kuanzia siku ya nne. Wa pwani tunaelewa kuchoka kwa msafiri, ila hatuelewi kutoambiwa.

Na saa! Dereva ukimwambia kwa Kiswahili "saa mbili asubuhi", atakuja mbili yetu. Ukimwandikia tarakimu 2 kwenye simu, mtakosana. Andika saa kwa maneno.

Ufuoni

Kenya ufuo ni wa umma, hata ulio mbele ya hoteli kubwa. Utakutana na vijana wanaouza safari za boti, vinyago, leso na kupanda ngamia. Wasalimie kwanza, ndipo ukatae. "Shukrani kaka, leo napumzika" inatosha, na kesho watakukumbuka kwa jina. Boti mkubaliane bei kabla ya kupanda, na kila mtoto avae jaketi la kuokolea. Makombe na matumbawe usinunue wala usiokote, yaache baharini.

Maji yanapotoka, usikaribie mlango wa mwamba, yaani pale mwamba ulipokatika. Maji yote ya ndani hutokea hapo, na mkondo wake humshinda hata muogeleaji hodari. Ukitembea hadi mwambani wakati wa bamvu, geuka mara tu maji yanapoanza kurudi. Hurudi kwa mbio kuliko unavyodhani, na hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako. Nenda na kijana wa hapo anayejua njia.

Mjini

Upeni mji siku moja nzima, ya wiki ambayo maji hupwa alasiri. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, nendeni saa mbili asubuhi mawe hayajapata moto. Waambieni watoto kwamba Waomani waliizingira karibu miaka mitatu, kuanzia 1696, kabla ya kuitwaa. Kutoka hapo ingieni Mji wa Kale kwa miguu. Watu wanaishi humo, wana milango wazi na wazee barazani, hivyo mabega na magoti yafunikwe, salamu itangulie, na picha ya mtu iombwe. Kuleni mahamri na mbaazi asubuhi, samaki wa kupaka mchana, na jioni mkae bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, mkitazama meli zikiingia bandari ya Kilindini, na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili mkononi. Ikiwa ni Ramadhani, mji hulala mchana na kuamka magharibi, na futari zake ni sababu tosha ya kuja.

Laini ya simu ya hapa inunuliwe siku ya kwanza kwa pasipoti, na M-Pesa ifunguliwe pamoja nayo. Kuanzia tuktuk hadi muuza madafu, wengi watakuuliza kama unalipa kwa simu.

Kurudi

Maembe, mabichi au mabivu, hayaruhusiwi kuingia Marekani, usimpe forodha kazi. Chukueni halwa na kashata. Endeleeni na dawa ya malaria mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa, hata kama hamkuona mbu. Na mtu akipata homa, hata miezi mitatu baadaye, hata ikifanana na mafua ya huko, aende hospitali siku hiyo hiyo na neno lake la kwanza kwa daktari liwe kwamba alikuwa Mombasa.